Aende sasa au tusubiri kuche? Barua ya wazi kuhusu nafasi za uzamivu katika utabiri wa hatari kwa wagonjwa

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya afya nchini Tanzania.

YAH: KUFUNGULIWA KWA NAFASI ZA SHAHADA YA UZAMIVU KATIKA UTABIRI WA HATARI KWA WAGONJWA

Waheshimiwa,

Mimi ni mkunga. Nilifanya kazi leba kwa miaka tisa kabla ya kwenda kusoma uzamili wa takwimu za afya, na kwa miaka miwili sasa natafuta mahali pa kusomea uzamivu (PhD) hapa hapa nchini. Ninachotaka kusoma ni namna ya kutumia yale tunayoyaona kwa mgonjwa leo kukadiria, kwa hesabu, uwezekano wa kupatwa na jambo baya kesho au miaka kumi ijayo. Nafasi sijaipata. Sababu zilizonikwamisha zinawakwamisha na wengine wengi, ndiyo maana nawaandikia hadharani.

Naomba kwanza mnisikilize kuhusu usiku mmoja.

Kutoka kituo chetu cha afya hadi hospitali ya wilaya ni mwendo wa saa mbili kwa gari, tena wakati wa kiangazi. Saa nane usiku aliletwa mama wa mimba ya kwanza, wiki ya 34 kwa mujibu wa kadi yake ya kliniki. Presha 145 kwa 95. Nikachovya kijiti kwenye mkojo, rangi ikabadilika kidogo: protini, alama moja. "Kichwa kinaniuma, nesi, ila labda ni safari," akaniambia. Vimulimuli haoni, tumbo haliumi, mtoto anacheza. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye benchi na fuko la khanga mapajani, akaniuliza swali moja tu: "Aende sasa au tusubiri kuche?" Dereva aliyekubali kutoka usiku ule alitaka laki moja na nusu. Wao walikuwa na elfu arobaini.

Mwongozo uliobandikwa ukutani uliniambia dalili za hatari ni zipi. Haukuniambia kuwa kwa mama huyu, mwenye dalili nusu nusu, hatari ni kiasi gani. Nikasema aende. Tukachangishana, mimi, mhudumu na mlinzi, gari likaondoka. Kwenye kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya taarifa za huduma za afya, safu ya matokeo, nikaandika RUFAA kwa kalamu nyekundu. Mpaka leo sijui yule mama alifikaje huko wala alijifungua nini. Safu ile nitairudia, maana humo ndimo kiini cha barua hii kilipo.

Swali la mama mkwe yule wapo waliokwisha kulijibu kwa hesabu. Mwaka 2014 ilichapishwa modeli, yaani kanuni ya hesabu ya kutabiri, iitwayo miniPIERS, iliyotengenezwa kwa data za wanawake 2,081 wenye presha ya ujauzito kutoka Brazil, Fiji, Pakistan, Afrika Kusini na Uganda. Haihitaji maabara. Inauliza amezaa mara ngapi, mimba ina wiki ngapi, kama kichwa kinauma au macho hayaoni vizuri, kama kifua kinabana au pumzi zinakata, kama anatokwa damu huku tumbo likiuma, presha ya juu ni ngapi, na kijiti kinaonyesha protini kiasi gani. Yote hayo mkunga wa zahanati anaweza kuyapata kabla chai haijapoa. Kisha inatoa jibu: kati ya wanawake mia walio kama huyu, wangapi hupata madhara makubwa ndani ya saa 48. Katika wale 2,081, waliopatwa walikuwa asilimia 12.5.

Nilipoisoma mara ya kwanza nililikumbuka lile benchi. Halafu mtakwimu ndani yangu akauliza: namba hizi zingesema kweli pale kwetu? Hilo halijibiwi kwa kusoma makala. Linajibiwa kwa kuwafuatilia wanawake wetu wenyewe, kuwapimia modeli siku ya kwanza, na kuwahesabu waliopatwa. Modeli ikisema kumi katika mia, na kweli wakapatwa kumi, tunaiamini. Wakipatwa ishirini na tano, basi kwetu modeli hiyo inawaambia watulie watu wanaopaswa kukimbizwa. Kazi hiyo, ikifanywa sawasawa, humchukua mtu mmoja miaka mitatu au minne. Huo ndio uzamivu wenyewe, na ndio ninaouomba.

Najua mtu wa Wizara anaweza kuniuliza kwa nini tusichukue tu kilichotengenezwa nje tukakitumia, kama tunavyochukua dawa na mashine. Jibu langu liko Muheza.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu kutofika vizuri mwilini, apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Mafundisho hayo yalitoka kwenye hospitali zenye vyumba vya uangalizi maalumu. Watafiti wakayapima kwa watoto 3,141 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, ile ya Muheza mkoani Tanga ikiwemo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watoto waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48 walifariki kama 10.5 katika kila mia, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakupewa. Tiba iliyoaminika duniani kote ilikuwa ikiwadhuru watoto wetu, na kama isingepimwa hapa tungeendelea nayo kwa moyo mweupe kabisa. Ukiwa umewahi kushika sindano na kumtundikia mtoto maji yale, habari hii huisomi mara moja ukaisahau.

Utabiri wa hatari una mtego huo huo, ila ni mtego wa kimya zaidi. Dawa ikidhuru, pengine utaona. Namba ikikosea, hakuna anayeona. Mgonjwa anarudishwa nyumbani na karatasi inayosema yuko salama. Hesabu za hatari ya moyo zilianzia kwenye utafiti wa Framingham, mji wa Massachusetts, ulioanza mwaka 1948 na watu 5,209. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, zinazoonyesha hatari hiyo kwa rangi, ni bora zaidi kwa mbali: zimetokana na data za watu 376,177 kutoka tafiti 85, kisha zikarekebishwa kwa kanda 21 za dunia kwa kutumia makadirio ya magonjwa ya kila kanda. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini mkulima wa Songea, mchuuzi wa Kariakoo na mfugaji wa Turkana wote wamewekwa kwenye kanda moja. Nani anapima kama rangi anayoonyeshwa kila mmoja wao kwenye chati hiyo ni yake kweli?

Kuna jambo la karibu zaidi, na naomba Waziri wa Afya alitazame kwa makini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itazaa data nyingi za madai ya matibabu, na haitapita muda mrefu mtu atakuja na programu ya kutabiri nani atakuwa mgonjwa mahututi kwa kuangalia nani ametibiwa kwa gharama gani. Marekani walishafika huko. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa programu iliyotumika kwa wagonjwa wengi sana nchini humo kuchagua nani apewe uangalizi wa ziada. Programu ile ilipima ugonjwa kwa fedha zilizotumika. Wamarekani weusi, ambao hutumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa ule ule, wakaonekana wazima kuliko walivyo. Watafiti walikadiria kwamba kosa hilo likirekebishwa, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaochaguliwa kusaidiwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Sasa mfikirieni bibi wa kijijini asiye na zahanati jirani. Gharama yake ya matibabu ni sifuri. Programu ya namna hiyo itamhesabu kuwa mzima kabisa. Tukiwa na watu wetu kumi tu wenye uzamivu wa fani hii, mmoja wao atainua mkono kwenye kikao cha ununuzi kabla mkataba haujasainiwa.

Sasa nirudi kwenye kitabu cha MTUHA.

Mwaka jana, kwa ajili ya andiko langu, nilipitia kurasa za rejesta za wazazi kwa miezi kadhaa. Kuna ukurasa ambao mama ishirini na mmoja waliofuatana wana presha ya 120 kwa 80 au 110 kwa 70, bila hata mmoja mwenye 117 wala 123. Sisemi kwa kumlaumu aliyeandika. Nimewahi kuandika hivyo mimi mwenyewe, saa kumi alfajiri, mashine ikiwa imekufa betri na mama watatu wakisukuma kwa wakati mmoja. Lakini kompyuta haijui habari ya betri. Itachukua ukurasa huo na kujifunza kwamba presha haina maana yoyote katika kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya ujauzito.

Zaidi ya hapo kuna kosa ambalo lilinikosesha usingizi. Wanawake waliozidiwa ndio tunaowapa rufaa, na wakishapewa rufaa tunawapoteza. Safu ya matokeo kwao imeandikwa RUFAA, na baada ya hapo kimya. Waliobaki kwenye rejesta wakiwa na matokeo kamili ni wale waliojifungua salama pale pale kituoni. Modeli yoyote itakayofundishwa kwa vitabu vyetu kama vilivyo itajifunza kutoka kwa walionusurika, na itaamini kwamba dalili mbaya hazina mwisho mbaya.

La tatu ni hili. Mama mwenye dalili kali tunamchoma magnesiamu salfeti, na wengi wao kifafa hakiwapati kwa sababu ya sindano hiyo. Kompyuta inaona dalili kali, haioni kifafa, inahitimisha kwamba dalili kali ni kinga. Ukimpa modeli hiyo mkunga mgeni, atazuia sindano kwa mama anayeihitaji kuliko wote.

Waheshimiwa, makosa haya yana tiba. Kuna njia za kitakwimu za kushughulikia data zinazokosekana, za kuingiza tiba ndani ya hesabu, za kukadiria mapema unahitaji wagonjwa wangapi badala ya kubahatisha. Kuna mwongozo wa kimataifa wa kuripoti kazi hizi, TRIPOD, uliotoka mwaka 2015 na kuongezewa masuala ya akili mnemba mwaka 2024. Ila mtu hajifunzi mambo haya kwenye warsha ya siku tatu pale hotelini. Na hata aliyeyajua vizuri huko Ulaya hawezi kujua kwamba RUFAA ya kalamu nyekundu maana yake ni gari lililoondoka usiku. Inabidi takwimu na leba vikutane ndani ya kichwa kimoja.

Nilimwendea profesa mmoja ninayemheshimu sana. Alisoma andiko langu lote, jambo ambalo wengi hawafanyi, kisha akavua miwani. "Mada nzuri sana, binti yangu. Lakini hapa sina wa kukusimamia upande wa hesabu. Jaribu Ulaya." Nikajaribu. Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara kwa takribani miaka minne, na vituo kama Utrecht na Leiden vimeijenga fani hii kwa miongo. Nilifika usaili wa mwisho katika nafasi moja. Ilikuwa nafasi nzuri, kwa data za wagonjwa wa huko. Waliponiuliza kama naweza kuacha habari za kifafa cha mimba nifanye saratani ya matiti ya wanawake wao, nilishukuru nikasema hapana. Siwalaumu, kila mwenye nyumba hufagia kwake.

Huku nyumbani, ofisi moja ilikaa na maombi yangu ya kutumia rejesta kwa miezi kumi na moja. Kila nilipofuatilia niliambiwa mhusika yuko safari. Chuo kimoja kilinikubali, kwa sharti kwamba nilipe ada mwenyewe na niache kazi. Na kamati ya chuo kingine ilikataa mada kwa sababu "modeli tayari ipo, jambo jipya liko wapi?"

Neno hilo la mwisho naomba wakuu wa vyuo walitafakari. Wakati wa Korona zilitengenezwa modeli kwa mamia, na uchambuzi uliokusanya kazi hizo katika jarida la BMJ ukakuta karibu zote zimejengwa vibaya kiasi cha kutofaa kutumika kwa mgonjwa. Kila mtu alitaka ya kwake. Waliokaa chini kuipima ya mwenzao walikuwa wachache. Nchi yenye wataalamu wachache kama yetu ingefanya vizuri zaidi kumpa mtu uzamivu kwa kuipima modeli iliyopo, kuirekebisha ikubaliane na wagonjwa wa Kigoma au Mtwara, na kuonyesha ikiwa mkunga akiitumia anaamua tofauti. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika. Utafiti mkubwa wa India, Pakistan na Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2020, uliwapa wahudumu wa afya wa vijijini vifaa vya kukadiria hatari ya presha ya ujauzito, na kwa ujumla madhara hayakupungua. Kujua hatari bila gari, bila dawa na bila daktari anayengoja upande wa pili hakutoshi. Nani atatuonyesha kwetu kiungo kipi kimekatika?

Kwamba tunaweza si jambo la kubishania. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, maelfu yao, na hazina hiyo inajulikana duniani. Ifakara wanafuatilia kaya tangu miaka ya 1990. Alama ya UVA, inayokadiria hatari ya kifo kwa mtu mzima aliyelazwa, ilitengenezwa mwaka 2017 kwa wagonjwa 5,573 wa nchi sita za Afrika, na Watanzania wamo. Iliongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Wagonjwa wetu tayari wamo ndani ya sayansi hii. Walioketi kwenye kiti cha kuhesabu ndio ambao kwa sehemu kubwa si wetu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Fungueni nafasi za uzamivu kumi na mbili katika miaka mitatu ya mwanzo, zitangazwe hadharani, na kila nafasi ifungwe kwenye wodi moja na swali moja: kifafa cha mimba, mtoto mchanga anayezaliwa na uzito mdogo, selimundu, mgonjwa wa sukari na presha, majeruhi wa bodaboda. Mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, wa dola milioni 425, ulioanza mwaka 2021, umewapeleka wahadhiri wengi masomoni. Katika mpango utakaofuata, fani hii itajwe kwa jina. Muuguzi, tabibu au daktari atakayechaguliwa abaki na mshahara wake na ahesabiwe kuwa yuko kazini, kwa sababu kweli atakuwa kazini. Kila mmoja awe na wasimamizi wawili, mmoja wa kitabibu na mmoja wa takwimu, na pale ambapo wa takwimu hatunaye, aalikwe kutoka Utrecht, Leuven, Birmingham au Johannesburg aje akae nasi kwa wiki kadhaa kila mwaka, afundishe darasa zima. Akija yeye wanafaidi ishirini. Akienda mwanafunzi anafaidi mmoja, na pengine harudi.

Kuhusu data, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni sheria njema na siombi mtu yeyote aikwepe. Naomba iwe na mlango unaojulikana: mtafiti apeleke maombi mahali pamoja, apewe jibu la ndiyo au hapana kwa siku zilizowekwa, na azisome data zikiwa zimeondolewa majina, ndani ya chumba cha serikali ikibidi.

Na safu ile ya matokeo ijazwe. Mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wenye namba 115, tayari unajua ni mama gani amechukuliwa wapi na kupelekwa wapi. Hospitali inayompokea inajua alimalizikaje. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha taarifa hizo mbili na kuzirudisha kituoni alikotoka. Hilo halihitaji hata kusubiri uzamivu.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 104. Nilikuwa leba katika sehemu ya miaka hiyo, na najua jasho lililoko ndani ya tofauti hiyo. Hongereni na hongera kwa wenzangu wote. Wanaokufa sasa ni wachache kuliko zamani, na kwa sababu hiyo hiyo ni wagumu zaidi kuwatambua mapema. Hawaji tena wakiwa wamezimia mlangoni. Wanakuja na presha ya 145 kwa 95, wakisema labda ni safari.

Niko tayari kufika Mtumba, Dodoma, kwa nauli yangu, siku yoyote mtakayonipangia, nikiwa na andiko la utafiti la kurasa 22 na makisio ya gharama ya nafasi moja kwa miaka minne. Kama nafasi hizo zitafunguliwa na mimi nisichaguliwe, andiko hilo nitamkabidhi atakayechaguliwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkunga na mtakwimu wa afya,
Morogoro